Kwanza Tazama Watu Wanaachiana Nini

Hotuba kwa watunza hazina wa vikoba, wajumbe wa kamati za maji na mazingira, na wenyeviti wa vitongoji. Dodoma.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu mliotoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Chamwino tangu alfajiri, mbukwenyi. Na wenzetu wa Manyoni na Ikungi mliolala njiani, poleni na safari.

Tumeulizwa swali moja: je, zipo dalili kwamba watu wameanza kutumaini tena kwa pamoja, au tunajipa moyo tu? Kila aliyemo humu anajua kwa nini swali hili linaulizwa sasa. Kuanzia katikati ya mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio likaja kuondolewa 3 Januari 2023. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikuu vya upinzani vilisusia. Wa 2024 chama kimoja kikapata karibu viti vyote vya vijiji na vitongoji. Kisha ikaja 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na mnayajua: maandamano, risasi, watu waliouawa, intaneti iliyozimwa nchi nzima. Baada ya hapo zipo nyumba ambazo siasa haitajwi hata mezani.

Sisi tunaofanya kazi na vikundi hatuna mashine ya kupima mioyo. Tuna kipimo kimoja cha kazi, na ndicho tutakachowaeleza: tazama watu wanaachiana nini. Giza la kisiasa likiingia kijijini, kinachoondoka mapema kuliko hata chakula ni amana. Mtu anatoa fedha zake kwenye kikundi. Anang'oa kila kitu shambani kabla jirani hajakichukua. Anaacha kuandika jina lake kwenye karatasi ya mahudhurio. Kila mtu na chake, kila chake na kificho. Tumaini likirudi, linarudi kwa njia ileile, kinyumenyume: mtu anaanza kuacha kitu chake mikononi mwa mwenzake, na analala usingizi.

Hili si jambo jipya Ugogo. Wazee wanaijua njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Watu husema ilikuwa ukame. Ukame ulikuja, ni kweli, lakini ulikuta nyumba tupu. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamepita na reli hii ya kati yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya Wagogo 150,000 hivi walikufa 30,000. Hiyo ilikuwa njaa ya kisiasa kabla ya kuwa njaa ya mvua. Na moja ya nguzo za maisha ya Wagogo katika nchi hii kavu, kabla na baada ya janga lile, ni desturi ambayo wengi humu mnaifanya mpaka leo: kuweka ng'ombe kwa mwenzako. Anayetunza anapata maziwa na samadi, ndama ni wa mwenyewe, na zizi moja likipata ugonjwa au malisho yakikauka upande mmoja, mali haiishi yote. Si hisani tupu. Ni hesabu. Lakini ni hesabu ambayo haifanyiki kama huamini kwamba jirani atakuwepo mwakani.

Kabla ya kuhesabu dalili, tuondoe visivyohesabika. Ukumbi uliojaa kwa sababu ya posho hauhesabiki. Ondoa posho, itisha tena, ndipo uhesabu. Fulana na kofia hazihesabiki. Makofi hayahesabiki kabisa; watu hupiga makofi ili hotuba iishe, na sisi tunalijua hilo tukiwa tumesimama hapa mbele. Kelele za kwenye simu nazo tuzipime taratibu, maana mtu anaweza kusambaza ujumbe 40 kwa siku na bado hajamwambia mwenyekiti wake wa kitongoji neno lolote.

Sasa tuje kwenye sanduku.

Tazama mkutano wa kikoba kilichosimama vizuri unavyofunguliwa. Sanduku linaletwa na mtunza sanduku, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu wasio viongozi, wasiolala nyumba moja, na ikiwezekana wasio wa ukoo mmoja. Kabla ya kufuli kuguswa, mwenyekiti anauliza: "Wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Wanachama wanajibu kwa kichwa, kwa sauti moja, kwa kuwa salio lilitajwa mara mbili kabla ya watu kutawanyika na kila mmoja akaambiwa alikariri. Ndipo wenye funguo wanainuka mmoja mmoja. Wahesabu fedha wawili wanamwaga noti kwenye beseni, wanahesabu kwa sauti, na kila jicho liko kwenye beseni: je, litakubaliana na vichwa vya watu? Bibi asiyejua kusoma anaweza kuzuia wizi hapo bila kushika kalamu. Ndiyo maana tunasisitiza kukariri. Daftari huweza kufutwa na kuandikwa upya usiku. Vichwa 25 haviwezi.

Hesabu yake nayo haina uchawi. Tuchukue mfano: wanachama 25, hisa moja Sh 2,000, kila mmoja anaruhusiwa kununua hisa 1 hadi 5 kwa wiki. Mwisho wa mzunguko kikundi kimeuza hisa 3,000, yaani Sh 6,000,000. Riba ya mikopo na faini zimeingiza Sh 900,000. Jumla Sh 6,900,000, gawa kwa 3,000, kila hisa imekuwa Sh 2,300. Mwenye hisa 140 aliweka Sh 280,000, anaondoka na Sh 322,000. Hesabu hii ifanyike mbele ya wote, kwenye karatasi kubwa ukutani, na mwanachama yeyote aweze kuisimamisha. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa, hauchanganywi humo. Una mfuko wake wa kitambaa ndani ya sanduku.

Vikoba hufa kwa sababu zinazojulikana, na nyingi si umaskini. Kinachoongoza kwenye orodha yetu ni kuchelewesha marejesho mpaka wiki ya mgao. Mikopo yote irudi angalau mwezi mmoja kabla ya kuvunja kikoba, la sivyo siku ya mgao mnagawana madeni, na urafiki wa miaka kumi unakwisha kwa asubuhi moja. Halafu kuna viongozi kukopa zaidi ya kiwango. Kawaida ni mara tatu ya hisa zako, na mwenyekiti akivuka hapo, katibu naye atavuka. Kuna ufunguo wa mtu aliyesafiri kuachwa kwa mtunza sanduku "kwa leo tu". Na kuna fedha za nje zinazoingia mapema mno. Hapa tuseme wazi, maana wengi mnangojea mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Ni haki yenu, iombeni. Na kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi kama daraja la nne, kikundi kisajiliwe halmashauri kwanza. Lakini kikundi ambacho hakijamaliza hata mzunguko mmoja kwa fedha zake chenyewe, kikipewa milioni kumi, mara nyingi hakifiki mwaka. Fedha mliyotoa jasho mnailinda kwa macho. Iliyokuja kwa gari la halmashauri kila mtu anadhani kuna mwingine anayeilinda.

Sasa, dalili iko wapi? Si kwenye kuwepo kwa kikoba. Watu huweka akiba hata wakiwa wamekata tamaa. Wengine huweka kwa sababu wamekata tamaa. Fungua daftari la hisa utafute mambo mawili. La kwanza ni wastani wa hisa kwa wiki. Mwoga hununua hisa moja ili asifukuzwe, halafu anakopa mpaka mwisho wa kiwango. Wastani ukipanda kutoka moja kuelekea tatu bila bei ya alizeti kupanda, kuna kitu kimebadilika vichwani, si mifukoni. La pili ni sababu za mikopo. Mkopo wa unga na nauli ni wa kuvuka wiki. Mkopo wa mabati, wa kuchimba mashimo ya zabibu, wa ada ya mtoto wa kidato cha kwanza, huo umemtazama mtu wa mwakani. Mzabibu unakupa mavuno ya kwanza ya maana mwaka wa pili. Mwanamke wa Hombolo anayekopa leo kwa ajili ya miche ya zabibu ameshatoa maoni yake kuhusu mustakabali wa nchi hii, na hakuhitaji kipaza sauti. Tafadhali, watunza hazina: ongezeni safu ya "sababu ya mkopo" kwenye daftari. Vikundi vingi havina safu hiyo na tunapoteza habari nzuri kuliko za redioni. Na kumbukeni, intaneti ilipozimwa, kufuli tatu hazikuzimwa.

Dalili ya pili iko shambani, na wengi mnaipita kila siku mkiona ni kichaka. Tangu 2018 taasisi ya LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi zimekuwa zikisambaza Kisiki Hai katika mkoa huu. Jina linajieleza. Mti wa mkungugu uliokatwa juu haukufa. Mizizi iko chini, inachipua kila mwaka, nasi kila mwaka tunafyeka tunapoandaa shamba. Kazi ni kuacha kufyeka, kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe: baada ya mavuno, kiangazi, chagua kisiki chenye machipukizi yenye afya. Acha matatu mpaka matano yaliyonyooka na kunenepa, ondoa mengine yote. Yale uliyoacha, ondoa matawi ya pembeni kwenye nusu ya chini ya kimo chake; usiende juu zaidi ya hapo, kwani chipukizi lililopogolewa karibu lote litayumba kwa upepo wa hapa na kuvunjika. Panga liwe kali. Kata kwa kupandisha, kutoka chini kwenda juu, ili gome lisichanike likashuka na shina. Funga kitambaa chenye rangi. Kila baada ya miezi michache rudi upogolee tena, maana kisiki hakisahau kuchipua. Kila kitawi unachotoa ni kuni, hivyo mama haendi mbali.

Ugumu hauko kwenye panga. Uko kwenye kile kitambaa. Hapa kwetu mavuno yakishatoka, mashamba yanakuwa malisho. Mifugo ya kijiji kizima inaingia kula mabua. Mbuzi wa jirani hajui kusoma rangi, lakini mchungaji anajua. Kwa hiyo kitambaa ni barua kwa mchungaji ambaye pengine hujawahi kuongea naye: nimekiacha hiki, nakuomba nawe ukiache. Kisiki kilicholindwa mwaka mmoja kinaonyesha bidii ya mkulima. Kisiki kilichofika mwaka wa tatu kwenye shamba lisilo na uzio kinaonyesha kijiji. Hesabuni vya mwaka wa tatu.

Na kuna somo la kisiasa ndani yake, kutoka Niger, ambako njia hii ilianza kuenezwa miaka ya 1980 huko Maradi na Tony Rinaudo, raia wa Australia. Sheria zilizorithiwa kutoka kwa Wafaransa zilifanya mti kuwa mali ya serikali, hata ukiwa katikati ya mtama wako. Mkulima alitozwa faini kwa kukata, basi akaona heri aung'oe ungali mche, usije ukawa kesi. Pale wakulima walipoanza kuiona miti ya shambani kuwa yao, ndipo visiki vikaachwa vikue. Leo hesabu inayotajwa ni takriban hekta milioni tano. Nchi hiyo katika miaka hiyo ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi na ilipigwa na njaa kali mwaka 1984. Hakuna aliyekuwa anangoja uchaguzi ili aanze kupogolea. Tukirudi hapa kwetu: kijiji kinachotaka visiki vyake viishi kitunge sheria ndogo kuhusu mifugo baada ya mavuno na kuhusu moto wa kuandaa mashamba, ijadiliwe kwenye mkutano mkuu, ipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Vinginevyo kitambaa kinabaki kuwa kitambaa.

Tumefika kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na hapa tutakaa, kwa sababu hapa ndipo pamekufa zaidi.

Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ndicho chombo cha juu kabisa katika mambo ya sera ya kijiji. Wajumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria haitaji kadi ya chama. Unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaongeza meno: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Katiba yenyewe, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Maneno yapo. Tulichopoteza ni mazoea ya kuyatumia, na mazoea hayarudishwi na hotuba, hata hii.

Mkutano mkuu unauawa kwa mbinu ndogondogo. Tangazo linabandikwa ndani ya ofisi, si kwenye mbao za shule na kisimani. Unaitishwa saa nne, unaanza saa saba. Mgeni mkubwa anafika, ajenda zote zinageuka salamu. Mapato na matumizi yanasomwa jua likiwa linazama, kwa kasi, mstari wa mwisho ukiwa "mengineyo". Muhtasari unaandikwa wiki mbili baadaye na mtu mmoja, na mahudhurio yanajazwa kwa kumbukumbu. Wala si lazima awepo mwizi. Mara nyingi ni Mtendaji mmoja aliyechoka, asiye na hata ream ya karatasi, anayejua kwamba hakuna atakayeuliza.

Dawa yake inaanza na ajenda ya mapato na matumizi kusomwa mapema, mara baada ya yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka mkutano uliopita. Takwimu ziandikwe ubaoni, si kusomwa tu. Kisha zihitajike karatasi nne, na zishikwe mkononi mbele ya watu: taarifa ya benki ya kipindi hicho, stakabadhi za makusanyo, hati za malipo, na muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoidhinisha malipo hayo. Swali la kwanza huwa ni salio anzia: je, ni lilelile mlilofungia robo iliyopita? Mkiona mfanano na beseni la kikoba, hamjakosea. Watu waliozoea kukariri salio la kikundi ndio wanaoshtuka salio la kijiji linaposomwa tofauti. Wala haihitaji shahada.

Lakini dalili kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni lile neno yatokanayo. Mtu akisimama akasema: "Mwenyekiti, yatokanayo namba nne, tanki la zahanati, limefikia wapi?" basi amefanya mambo matatu kwa sentensi moja. Amekumbuka. Amedhani kwamba ahadi ya robo iliyopita bado ina uzito. Na ametegemea kwamba robo ijayo kutakuwa na mkutano mwingine ambamo ataulizia tena. Kijiji kilichokata tamaa hakina yatokanayo. Kila mkutano unaanza upya kama watu waliokutana stendi. Kwa hiyo chukueni mihtasari ya mikutano minne ya mwisho ya kijiji chenu. Hesabuni maswali ya yatokanayo yaliyoulizwa na watu wasio viongozi. Kama ni sifuri, sifuri, moja, tatu, msiwatafute tena washauri wa kuwaambia kama kuna matumaini.

Wapo watakaosema, na wamesema: kijiji chetu viti vyote ni vya upande mmoja, tunauliza kwa nani? Hoja hii ina ukweli wake na hatutaipunguza. Mwenyekiti asiye na mpinzani hana haraka ya kujibu. Ila swali lililoulizwa hadharani na kuandikwa kwenye muhtasari linabaki hata asiyejibu akiondoka. Na likikataliwa kuandikwa, kuna barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Andika nakala mbili, gonga mhuri wa kupokelewa kwenye yako, hesabu siku kwenye kalenda. Halafu kuna ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inayokabidhiwa kwa Rais kila mwisho wa Machi na kufikishwa bungeni Aprili, hapahapa Dodoma. Ina juzuu la serikali za mitaa. Tafuteni jina la halmashauri yenu, msome aya hizo tu. Kikundi cha vijana wanne kinaimaliza kwa jioni moja.

Tunasema kikundi kwa makusudi. Mtu mmoja anayeuliza ni mkorofi. Watu saba wanaouliza swali lilelile kwa zamu ni ajenda. Panga nani aanze, nani afuatie, na mzee gani aombe utulivu mambo yakichemka. Ulizeni juu ya shilingi, msiulize juu ya mtu. Neno "mwizi" lisitamkwe, "stakabadhi namba ngapi?" linatosha na halina kesi. Na msirushe picha ya taarifa ya fedha kwenye makundi ya WhatsApp kabla hamjaihakiki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na imewakuta watu waliokuwa na nia njema. Kama hali ya kijiji ni ya vitisho vya wazi, anzeni na maji au na mazingira, si na fedha za kijiji. Si woga huo. Mtu hajifunzi kuogelea kwenye mafuriko.

Maji, kwa mfano, yanajihesabu yenyewe. Chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, CBWSO kama mnavyoandika, kina mita kisimani na mita kwenye kila kituo cha kuchotea. Tuseme mita ya kisima mwezi huu imesoma uniti 620 na vituo vyote kwa pamoja 465. Uniti 155 hazionekani, robo nzima. Uniti moja ni ndoo 50 za lita 20. Kama ndoo ni Sh 40, hizo ni Sh 310,000. Inaweza kuwa bomba lililopasuka chini ya korongo, mita mbovu, au mtu. Lakini kamati inayobandika namba hizo mbili ubaoni kila mwezi imeshajibu nusu ya maswali ya kijiji kabla hayajaulizwa, na wananchi hulipa ankara kwa wepesi zaidi panapobandikwa.

Tumalizie na Kongwa, kwa kuwa wenyeji wake mpo. Mwaka 1964, karibu na mahali ambapo mradi wa karanga wa Waingereza ulikuwa umekufa, ilifunguliwa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, kisha ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola. Wenyeji waliishi jirani na vijana wasiojua lugha yao, wakauziana mazao, wengine wakaoana. Msumbiji ilipata uhuru 25 Juni 1975. Namibia, 21 Machi 1990, miaka 26 tangu kambi ifunguliwe. Kambini hapakuwa na nyimbo tupu. Waliochoka kungoja walinung'unika, wengine wakatoroka. Hatuwasimangi. Tunalitaja kwa sababu vikundi vyenu navyo hupoteza watu kwa njia hiyohiyo: mikutano ambayo hakuna cha kuamua. Kila mkutano uwe na jambo moja la kuamuliwa kwa kunyoosha mikono, hata likiwa ni bei ya kufuli mpya.

Sasa kazi ya kupeleka nyumbani. Kabla ya mvua za mwisho wa Novemba, kila kikundi kilete namba nne: wastani wa hisa kwa wiki, visiki vya mwaka wa tatu, tofauti ya mita za maji, na idadi ya maswali ya yatokanayo. Msizipambe. Namba mbaya iliyoletwa kwa ukweli tutaifanyia kazi. Nzuri ya kubuni itatupotezea msimu.

Karatasi ya mahudhurio inazunguka kuanzia upande wa dirishani. Haina posho, tulitangaza mapema. Asiyetaka kuandika jina lake asiandike, na asiulizwe. Kalamu ziko mbili, na kwa anayetumia dole gumba, kibao cha wino kiko hapa mezani.